Upasuaji wa tundu dogo wa mgongo uelezwe kwa ukamilifu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie upasuaji wa diski ya kiuno kwa tundu dogo, unaosifiwa sana bila wagonjwa kuelezwa unamfaa nani.

Diski iliyo kati ya pingili za mgongo inapopasuka, ute wake huchomoza na kubana neva, na maumivu hushuka kutoka kiunoni hadi mguuni. Daktari hupitisha mrija mwembamba wenye kamera na taa kwenye tundu la takribani milimita 8, maji yakitiririka kusafisha njia, kisha akitazama skrini huchomoa kwa koleo dogo kipande kinachobana. Kwa kuwa misuli haiumizwi sana, wengi huruhusiwa siku hiyohiyo au kesho yake. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba, kwa maumivu ya mguu, njia hii si duni kuliko ile ya kawaida ya kupasua mgongo kwa kuufungua.

Hata hivyo, wagonjwa wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kisu, na inasikitisha mtu kuuza shamba kabla hajaambiwa hilo. Lakini anayeshindwa kukojoa, anayekufa ganzi sehemu za siri au ambaye mguu wake unazidi kulegea asisubiri, wala asipelekwe kuchuliwa. Afikishwe hospitali siku hiyohiyo.

Naziomba hospitali zimweleze mgonjwa mapema gharama zote pamoja na uzoefu wa daktari atakayempasua, kwani ufundi huu huchukua muda mrefu kuumudu.

Msomaji wako,
Morogoro