Meli zikibanwa kwingine, uchafu hutafuta pwani iliyolegea

Ndugu Mhariri,

Sera ya usafiri wa baharini ikijadiliwa nchini Tanzania, mazungumzo huishia kwenye magati, kina cha lango la bandari na idadi ya makontena. Hayo yana uzito wake, wala sina ugomvi nayo. Ninaloomba ni nafasi ya kusema juu ya upande unaosahaulika: kanuni za mazingira zinazozibana meli duniani, na namna zinavyotugusa sisi tulio kwenye njia yao. Sera ya Taifa ya Uchukuzi ya mwaka 2003 iliandikwa kabla Kiambatisho cha Sita cha MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli zisichafue mazingira, kinachohusu moshi wa meli, hakijaanza kutumika Mei 19, 2005. Tangu hapo kanuni zimekazwa mara kadhaa.

Januari 1, 2020 kiwango cha juu cha salfa kwenye mafuta ya meli kilishushwa kutoka asilimia 3.50 hadi 0.50. Katika Baltiki na Bahari ya Kaskazini ni 0.10 tangu 2015, na Mediterania imeingia kundi hilo Mei 1, 2025. Mwenye meli hujikuta na njia kuu mbili. Ama anunue mafuta yenye salfa kidogo, ambayo bei yake iko juu, ama aendelee na mafuta mazito yaleyale ya zamani lakini afunge kwenye dohani mtambo wa kuosha moshi, ambao mabaharia wanauita skraba. Skraba zilizo nyingi zaidi ni za mzunguko wazi: zinavuta maji ya bahari, zinayanyunyizia moshi, kisha zinayarudisha baharini. Salfa haijapotea. Imetolewa hewani ikatiwa majini, ikifuatana na masizi na metali kama vanadi na nikeli.

Maji hayo si haba. Miongozo ya IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, hukadiria tani 45 kwa kila megawati-saa. Chukua meli moja iliyotia nanga nje ya Dar es Salaam ikisubiri gati, injini kubwa imezimwa, jenereta zake zinatoa megawati 1 tu. Kwa saa ni tani 45, kwa siku 1,080. Ni sawa na maboza 108 ya lita elfu kumi kumi, yakimwagwa mahali pamoja na meli moja kila siku inayongoja. Miongozo hiyohiyo inaridhika pH, kipimo cha asidi ambacho kikishuka asidi imezidi, ikiwa 6.5 umbali wa mita 4 kutoka tundu la kumwagia, ilhali maji ya bahari ya kawaida ni kama 8.1. Kwenye bahari kuu yenye kina na mkondo, asidi hiyo huchanganyika upesi ikapungua nguvu. Karibu na Mbudya na Bongoyo, kwenye matumbawe ambayo mifupa yake ni chokaa tupu, hesabu ni nyingine kabisa.

Singapore na Fujairah zilipiga marufuku umwagaji huo bandarini mwaka 2020. Denmark na Sweden zikafuata Julai 1, 2025. Sasa, mwenye meli aliyelipia skraba hatang'oa mtambo wake. Atauzima panapokatazwa na kuuwasha pasipokatazwa. Ndiyo maana naamini kukaa kimya ni sawa na kutoa ruhusa, na sera mpya ikitoka bila kulitaja jambo hili itakuwa imewaandikia wengine kibali cha kumwaga kwetu.

Marufuku yenyewe haihitaji fedha nyingi, ila iandikwe na mtu anayejua chumba cha injini. Ikisema tu kwamba skraba izimwe bandarini, fundi mkuu atabadili mafuta dakika za mwisho, na hapo ndipo ajali ilipo. Mafuta mazito huingia kwenye injini yakiwa yamepashwa hadi kama nyuzi 130. Dizeli ya meli huhitaji nyuzi 40 hivi. Ukibadili ghafla, pampu za mafuta hukaza kwa sababu bomba lake na pistoni yake hazipoi kwa mwendo mmoja, injini ikazima. Kawaida joto haliruhusiwi kushuka zaidi ya nyuzi 2 kwa dakika, kwa hiyo kushuka peke yake ni dakika 45, bado hujahesabu muda wa kusukuma mafuta ya zamani yatoke kwenye mabomba. Meli ikipoteza injini katikati ya lango jembamba la Dar es Salaam au la Kilindini, bandari ya Mombasa, hatutakuwa tukizungumzia salfa tena. Agizo liseme wazi: kubadili mafuta kukamilike na injini ijaribiwe mbele na nyuma kabla rubani wa bandari hajapanda.

Ukaguzi nao ni rahisi kwa anayejua pa kutazama. Skraba hujirekodi yenyewe saa, mahali meli ilipo na pH ya maji, na kumbukumbu hizo hutakiwa zitunzwe miezi 18. Mkaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia meli Tanzania Bara, au wa Mamlaka ya Usafiri wa Baharini Zanzibar alinganishe kumbukumbu hiyo na kitabu cha safari, kisha ashuke kutazama kama vali ya kumwagia imetiwa lakiri. Kenya na Tanzania zote ni wanachama wa makubaliano ya ukaguzi wa meli ya Bahari ya Hindi. Dar es Salaam ikikaza na Mombasa ikalegeza, au kinyume chake, tutakuwa tumehamishia tatizo bandari jirani tu.

Jingine ni mafuta yanayouzwa kwetu. Boti zetu za pwani zinazotumia dizeli ileile ya barabarani hazina shida ya salfa: kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2015 ni sehemu 50 kwa milioni, yaani mara mia chini ya kikomo cha meli. Shida iko kwa meli kubwa zinazojazwa kutoka kwenye tishari. MARPOL inaidai nchi iliyoridhia iwe na daftari la wauzaji, iwalazimishe kutoa stakabadhi inayotunzwa miaka 3, na sampuli isiyopungua mililita 400 inayobaki melini angalau miezi 12. Sampuli hiyo lazima ikusanywe tone kwa tone, mwanzo hadi mwisho wa kujaza, kwenye mdomo wa bomba la meli inayopokea. Ikichotwa kwenye tangi la tishari kabla kazi haijaanza, chupa itakuwa safi na tangi la meli litakuwa na kitu kingine. Nani hapa kwetu anasimama pale kuitazama hiyo vali ya matone? Sera imtaje.

Wapo wanaoshauri tungoje, kwa kuwa Oktoba 2025 IMO iliahirisha kwa mwaka mmoja uamuzi juu ya tozo ya gesijoto. Tozo hiyo ni shauri lake. Haya ninayoyataja yanahusu kanuni zilizokwisha kuanza kazi.

Nimalizie na tope la mafuta. Meli inayosafisha mafuta mazito huhesabiwa kutoa tope la asilimia 1.5 ya mafuta inayochoma. Ikichoma tani 30 kwa siku, ni kilo 450. Baada ya siku 20 ina tani 9 ndani ya tangi. Bandari ina wajibu wa kulipokea. Yanayokwamisha ni mambo madogo: boza limefika bila flenji, yaani kiungio cha bomba, ya kiwango cha MARPOL, yenye upana wa milimita 215 na boliti 6, au tope halikupashwa moto mapema na pampu haiwezi kulivuta. Kisha kuna ankara ya pekee ya huduma hiyo, inayomshawishi nahodha aondoke nalo. Bandari za Baltiki zimeingiza gharama hiyo ndani ya tozo za kawaida, meli inalipa hata isipotoa taka, kwa hiyo haina sababu ya kulimwaga usiku nje ya Mafia. Naiomba wizara iuchukue utaratibu huo pamoja na flenji zake, na bandari iweke seti mbili kwenye kila gati.

Wako,
Mhandisi wa meli,
Kurasini, Dar es Salaam