Vumbi la karasha linamaliza mapafu ya vijana

Ndugu Mhariri,

Kwenye makarasha ya dhahabu huku Kanda ya Ziwa, vijana wanasaga mawe makavu kutwa nzima wakiwa wamejifunga kitambaa puani. Kitambaa hakizuii vumbi la silika, madini yaliyomo ndani ya mawe hayo. Chembe zake hazionekani kwa macho, huzama ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu yasiyopona. Tena mwenye silikosisi, yaani ugonjwa huo wa makovu ya mapafu, hupata kifua kikuu kwa urahisi. Inauma, maana maradhi haya yanazuilika.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tunayo tangu 2003. Wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wafike kwenye makarasha wadai maji kwanza: jiwe lisagwe likiwa limelowa, kinu kifunikwe. Barakoa ifuate baadaye, isiwe kisingizio cha mwenye karasha.

Msomaji,
Geita