Barua kwa Mwanangu Zuhura, Kabla ya Usaili

Mwanangu Zuhura,

Sisi huku hatujambo. Tangu uliposema umeitwa kwenye usaili wa kampuni ya uwakala wa forodha, mama yako hana hadithi nyingine hapa Chumbageni, Tanga. Mimi nimefurahi, lakini nataka uje umejiandaa.

Najua unakariri majibu na wenzako. Yaache. Wanaokaa upande wa pili wa meza wameshayasikia yote, ya "najituma" na "naweza kufanya kazi chini ya shinikizo". Wanachotafuta ni mtu anayeijua kazi yenyewe.

Basi anza na bandari. Enzi zangu za ukuli, meli kubwa hazikufika gatini Tanga. Zilitia nanga karibu kilomita 1.7 kutoka hapo, shehena ikashushwa kwenye matishari, yale mashua bapa ya mizigo, yakavutwa hadi ukutani, tukapakua upya. Mzigo mmoja tuliushika mara mbili, na mteja alilipia muda wote huo. Leo kina kimechimbwa hadi mita 13, gati mbili zina urefu wa mita 450, na meli inafunga moja kwa moja. Wakikuuliza kwa nini mteja apitishie mzigo wake Tanga asiende Dar es Salaam au Mombasa, anzia hapo.

Halafu watakupa kisa. Meli imeshusha, mteja hajalipa kodi, simu hapokei: utafanya nini? Usikimbilie kusema utampigia tena. Eleza kwamba bila kodi kulipwa mzigo hautoki, na siku za bure, zile ambazo mzigo hukaa bandarini bila malipo, zikiisha zinaanza gharama mbili tofauti: hifadhi, kwa sababu mzigo umekalia eneo la bandari, na ya kuchelewesha kontena, ambayo inadaiwa na kampuni ya meli kwa kuwa kontena ni lao. Wateja wengi huzichanganya, kisha hugombana na wakala. Sema utamwandikia mapema, umwoneshe kila siku ya kuchelewa itamgharimu kiasi gani, na umjulishe bosi wako. Mtu akijibu hivyo, wanaona kabisa kwamba kesho anaweza kukalia kiti.

Wakisema "tueleze kuhusu wewe", usianze na shule ya msingi. Waambie ile habari ya mafunzo yako ya vitendo, ulipohesabu mifuko ya mbolea ghalani ukakuta haiendani na karatasi. Taja ulichokiona, hatua uliyochukua, na mwisho wake. Na useme "nilihesabu", "niliripoti". Wewe una tabia ya kusema "tulifanya" hata pale ulipofanya peke yako. Ni adabu nzuri nyumbani, lakini mle ndani itakuficha.

Usilolijua, sema hulijui, kisha eleza utalipata wapi. Hati za mizigo hazitaki mtu wa kubahatisha.

Mshahara usiutaje kwanza wewe. Wakiuliza, uwe umeshawauliza wenzako walioajiriwa wanalipwaje, na ukumbuke kuna kodi ya mapato na mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambao kwa kawaida ni asilimia 10 ya mshahara upande wako. Kinachobaki mkononi ndicho utakacholipia chumba.

Vyeti halisi na kitambulisho cha NIDA viweke kwenye bahasha moja leo hii. Halafu tazama herufi za jina lako kwenye kila karatasi. Zikitofautiana, nenda kwa wakili ukaape hati ya kiapo wiki hii hii. Mavazi nimemwachia mama yako.

Usithubutu kusafiri siku ya usaili. Panda basi la asubuhi siku moja kabla, nitakupokea stendi ya Kange. Jioni tutakaa barazani, nikuulize maswali kama mteja mkorofi, nawe unijibu bila karatasi.

Baba yako