Barua ya wazi kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Mwanza: daftari la kliniki lisifungiwe karanga

Ndugu Katibu Tawala,

Wiki iliyopita pale Mwaloni Kirumba, nikisubiri magunia yangu ya dagaa yapimwe, nilinunua karanga za shilingi mia mbili. Zilifungwa kwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la kliniki. Nilipoikunjua nikakuta majina ya akina mama saba, umri, mtaa, namba za simu, na safu ya mwisho majibu ya vipimo. Mmoja namfahamu. Anauza sato meza ya nne kutoka niliposimama. Karanga nilizimwaga, karatasi nikaifunga kwenye pindo la kanga, jioni nikaichoma jikoni.

Kituo ilikotoka sikitaji, maana sitaki mhudumu atolewe kafara. Sidhani kama kuna aliyewahi kumweleza daftari lile lina uzito gani.

Kabla ya dagaa nilikuwa karani wa masijala miaka kumi na mmoja. Mhuri wa SIRI tulikuwa nao, tukiugonga kwenye barua za kuitana vikao, safari za wakubwa, hata hesabu za mapato na matumizi ambazo mwananchi ana haki ya kuzisoma. Daftari la wagonjwa sikuwahi kuliona na mhuri wowote. Likijaa linatupwa stoo. Stoo ikijaa, karatasi zinauzwa kwa kilo.

Sheria zipo. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imezitenga taarifa nyeti: afya, watoto, miamala ya fedha, alama za vidole. Ila hazijafika mezani kwa karani.

Naomba kila jalada linapofunguliwa, karani ajiulize: hili likiangukia mikononi mwa jirani, nani ataumia? Kama hakuna, libandikwe ubaoni watu wasome. Kama ataumia mgonjwa, mtoto au mwenye akaunti, lifungiwe kabatini, kila anayelichukua asaini, na muda wake ukiisha lichomwe mbele ya mashahidi. Mhuri ufuate jibu hilo, usifuate cheo cha aliyeandika barua.

Na tafadhali anzeni na stoo, leo, kabla mnunuzi wa karatasi hajarudi.

Yule mama sijamwambia. Jana kaniita dada, kaniongezea sato mmoja, nami nikashindwa kumtazama usoni.

Wako,
Mfanyabiashara wa dagaa, Kirumba