Bahti si bahati

Khon Kaen, Thailand
15 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Huyo anayekusomea asiruke mistari.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, nikilitafuta neno "mwanangu". Sikulisikia. Umesema Idi imepita kimya, mabati yako kwa fundi tangu Aprili, na mjomba anatangaza barazani kwamba nimelewa ughaibuni. Basi nianze na pesa, mengine yatakuja nyuma.

Mkataba wangu wa kufundisha Kiingereza ni wa miezi 10. Shule za huku hufungua katikati ya Mei na mwaka wa masomo huisha Machi, na wakala aliyeniajiri halipi siku zisizo na vipindi. Kwa hiyo mshahara wa Machi ndio ulionilisha Aprili na Mei yote, na kodi ya chumba humo humo. Jambo hili lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi niliyotia saini. Nilikuwa na haraka ya kupanda ndege, sikusoma. Hapo sina wa kumlaumu.

Mjomba amepiga hesabu yake: mshahara wa mwezi bahti 20,000, pesa ya huku, kila moja shilingi 75 au 80, milioni moja na nusu na ushei. Hajakosea. Atoe sasa kodi, umeme, ada ya kibali cha kazi, na nauli ya kwenda uhamiaji kila baada ya siku 90 kuwaeleza kwamba bado nakaa pale pale ninapokaa. Ukiitamka pesa yao haraka utadhani unasema bahati.

Linaloniuma ni jingine. Mwenzangu wa darasa la jirani ni Mzungu aliyejifunza Kiingereza shuleni kama mimi, na sarufi humpiga chenga mbele ya watoto. Yeye anapokea 32,000. Mimi nilidaiwa cheti cha mtihani kuthibitisha kwamba Kiingereza nakijua. Yeye alipeleka picha yake. Mzazi mmoja aliwahi kuuliza, nami nimesimama hapo hapo, kama Afrika Kiingereza kinazungumzwa. Nikamjibu ukweli. Nyumbani kwetu Kiswahili, shule ya msingi Kiswahili, halafu siku ya kwanza ya kidato cha kwanza mwalimu akaingia akaanza baiolojia kwa Kiingereza, nami nikakaa wiki nzima nikinakili nisichokielewa. Unakumbuka nilivyokuwa nikiamka na kusema tumbo linanisokota? Halikuwa tumbo, mama. Leo mtoto akiinamia daftari ili asiulizwe swali, mimi namjua tangu mlangoni.

Darasani lakini nacheka sana. Kithai hakikubali neno liishie na "s" wala "l". Bus kwao ni "bat", football ni "futbon". Na mimi Mswahili nikiteleza nasema "basi". Wao wanamkata Mwingereza mkia, sisi tunamfunga mwingine. Watoto wako 42, na kila mmoja ana jina la utani alilopewa na wazazi tangu mchanga: ninaye Bank, ninaye Golf, ninaye Ice, na kuna binti anaitwa Moo, maana yake nguruwe. Jina la mapenzi hilo, usinune.

Jina langu ndilo lilileta kazi. Siku ya kwanza nilijitambulisha Rama, kama mtaani, ukumbi ukanyamaza kidogo. Kumbe wafalme wao ndio huitwa Rama, wa sasa ni wa 10. Tangu hapo mimi ni Ticha Dhani.

Kila asubuhi nasimama getini kuamkia watoto, na saa mbili kamili tuko mstarini, wimbo wa taifa na bendera, utadhani Tanga. Salamu yao ni kuunganisha viganja na kuinama, na mdogo ndiye huanza, kama shikamoo. Sasa kantini yupo mama mtu mzima, wa umri wako. Nilipomwona tu nikainama mimi kwanza. Walimu wakacheka: mwalimu hamwanzi mpishi. Nami kwa malezi yako ningefanyaje? Yeye hakucheka. Aliposikia sili nguruwe alininunulia kikaango cha peke yangu, anakitundika mbali na vingine. Siku nyingine hunipondea papai bichi kwenye kinu kwa mchi, pilipili na ndimu humo, na wali wao wa kunata tunaumega kwa mkono, tonge kwa tonge.

Alitualika kwake, mimi na yule Mzungu, saa mbili usiku. Saa za usiku Wathai huzihesabu kama sisi, saa moja ni baada ya jua kuzama. Nilifika kwa wakati, nikala kwa wakati. Mwenzangu aliihesabu hiyo mbili kizungu, akadhani amekosewa, haiwezekani mtu kualikwa saa nane za usiku, akabaki kwake.

Alhamisi ilikuwa siku ya kuwaheshimu walimu. Watoto wanakuja kwa magoti wakiwa na sinia za maua, na kwenye maua huweka ua la bilinganya, kwa vile linainama. Moo, ambaye tangu Mei hajafungua mdomo, alipiga magoti mbele yangu akanong'ona, "Thank you, bat," akashtuka, akasema tena, "Thank you, ticha." Alikuwa na woga tu. Sikumsahihisha.

Sasa mwambie fundi asiyauze mabati. Mshahara wa Mei ulikuwa wa wiki mbili tu, ila wa Juni unaingia tarehe 30, na tarehe moja nakutumia. Mjomba asomewe ukurasa wa kwanza peke yake.

Nina ombi. Kijana wa mama Zuhura anasafiri kuja Bangkok mwezi wa nane. Mpe doti moja ya kanga, ni ya yule mama wa kantini. Rangi iwe ya manjano, huku huivaa Jumatatu. Jina la kanga chagua wewe, hata kali. Hakuna atakayelisoma isipokuwa mimi.

Mwanao,
Rama