Barua kwa wazazi: alama za Sayansi, Darasa la Tatu

Ndugu mzazi/mlezi,

YAH: MAJARIBIO YA KUELEA NA KUZAMA

Tunafunga muhula na ripoti mnazo. Wengi mtauliza: mtoto anajua kabisa kwamba jiwe huzama na ubao huelea, kwa nini basi amepata 11 kati ya 20?

Ni kwa sababu jibu lenyewe halikuwa na alama. Tulipima anavyochunguza: kubashiri na kutoa sababu kabla ya kugusa maji (alama 4), kujaribu kwa namna ileile kila mara (6), kuandika alichokiona (5) na kueleza (5). Aliyebashiri vibaya hakukatwa kitu. Aliyekatwa ni aliyefuta ubashiri wake baada ya kuona matokeo, na daftari zilizochakaa kwa raba ni nyingi mno.

Kilichowasumbua zaidi ni kizibo cha soda. Ukikilaza taratibu juu ya maji, meno yakitazama juu, kinaelea. Ukikitumbukiza kwa ubavu, maji yanaingia na kinazama. Watoto wakipata majibu tofauti huanza kunakiliana badala ya kurudia. Alama zote 5 za kuandika ni za yule aliyeandika matokeo yote mawili na jinsi alivyokiweka.

Kisha kiazi mviringo. Maji nusu lita, kiazi kidogo, chumvi. Katika maji matupu kinazama. Unaongeza chumvi kijiko kimojakimoja huku ukikoroga hadi iyeyuke. Ikifika kama gramu 50 hadi 70, kiazi hupanda. Asiyekoroga hukiona kimening'inia katikati, maana maji ya chumvi yamekaa chini na matupu yako juu. Aliyebadilisha kiazi na kuongeza chumvi kwa mkupuo mmoja hawezi kujua kilichofanya kazi ni kipi, na hapo ndipo zile alama 6 zilipopungua.

Maelezo ya kwamba "kitu kizito huzama" hatukuyapokea. Gogo la msonobari ni zito kuliko msumari, nalo linaelea. MV Mbeya II ni ya chuma na inasafiri Ziwa Nyasa. Kinachoangaliwa ni uzito wa kitu ukilinganishwa na ukubwa wake. Neno la kitaalamu la ulinganisho huo, "msongamano", hatulidai kwa umri huu. Ukipata lile jiwe jepesi la volkano lenye matundu, la huku kwetu Rungwe, mpe alijaribu: litaelea hadi matundu yajae maji.

Likizoni rudieni jaribio la kiazi nyumbani. Tumieni chumvi ya unga, ya mawe huchelewa kuyeyuka. Mzazi, usimtajie jibu, na umwache aandike hata kinachoonekana kosa. Wadogo wasiachwe peke yao na ndoo ya maji.

Shule ikifunguliwa, kila mtoto aje na daftari la Sayansi lililosainiwa na mzazi, pamoja na vizibo viwili visivyopinda.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu
Tukuyu, Mbeya