Yakhe, kimulimuli haunguzi

Yakhe,

Waukumbuka ule msimu wa kiza, umeme ulipozimika Unguja nzima Disemba 2009 usirudi mpaka Machi? Tulikuwa shamba, Donge, kandili moja nyumba nzima. Nikakukamatia kimulimuli, ukagoma kumshika. "Ataniunguza!" Nilikucheka mbele za watu na jawabu sina. Basi na leo nakujibu mbele za watu.

Hofu yako haikuwa ya kijinga. Tumboni mwa mdudu yule mna kitu kinachokutana na oksijeni, kama mafuta ya taa kwenye utambi. Kinaitwa lusiferini. Kimeng'enya chake, lusiferasi, kwa msaada wa magnesiamu, huiunganisha kwanza na ATP, nguvu ile ile inayokunja misuli yako. Hapo ndipo oksijeni inapoingia. Kinachozaliwa huwa kimejaa nguvu kupita kiasi, na kikitulia, nguvu ile hutoka kuwa mwanga wa kimanjano-kijani. Kandili letu je? Mafuta yake karibu yote yaliishia kwenye joto, ndiyo maana chemni ilikuwa haishikiki.

Aliyeonesha kwamba bila ATP hapawaki kitu ni Mmarekani, William McElroy, mwaka 1947. Aliwalipa watoto wa Baltimore senti 25 kwa kila vimulimuli 100. Sisi tuliwakamata bure!

Kuwaka na kuzima nako kuna ufundi. Neva ikiamrisha, hutoka gesi ya nitriki oksaidi, nayo huzizuia mitokondria, vile vinu vya nguvu ndani ya seli, zisile oksijeni kwa muda mfupi tu. Iliyosalimika hupenya mpaka kwenye lusiferini, pa! Mitokondria zikirudi kula, kiza.

Na yote hayo kwa ajili ya posa. Dume humulika akiruka, jike humjibu kutoka majanini, kila aina na mapigo yake. Huko Marekani wapo majike wa jamii ya Photuris wanaoiga jawabu la majike wa aina nyengine. Dume akishuka na bashasha zake, analiwa. Buu anayemulika yeye hana habari ya mchumba: anawaambia maadui kwamba nyama yake haifai.

Juzi usiku nilipita Donge. Pale kwenye mnazi ulipokimbilia pana taa ya ulinzi sasa, haizimwi mpaka alfajiri. Ilibidi niende nyuma ya banda la ng'ombe ndipo nikamuona mmoja. Nikamshika, nikamfumbata. Wallahi, baridi.

Njoo Idi, nikushikishe.